Petroli Chini ya Kitanda cha Shangazi

Kijijini kwetu, upande wa Dimani, mimi ndiye niliyekuwa mtunza vyombo wa chama cha kufa na kuzikana. Cheo hicho hakina mshahara wala sare. Kina ufunguo mmoja na lawama nyingi. Stoo ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yangu, na ndani yake mlikuwa na masufuria makubwa, sahani za bati, mabusati, turubai moja lenye viraka, na madumu kumi na mawili ya lita ishirini. Madumu hayo yalipakwa mstari mweupe shingoni yasije yakachanganywa na madumu ya watu. Yalikuwa ya maji ya maiti tu. Hayatiwi mafuta ya kula, hayatiwi togwa, hayaazimwi kwa harusi hata kama harusi ni ya binti wa mwenyekiti.

Sheria hiyo aliiweka shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea tangu nina miaka minne. Alikuwa mwoshaji wa maiti za wanawake, kijijini kwetu na vijiji viwili vya jirani, kwa muda ambao watu walishaacha kuuhesabu. Aliwaosha waliompenda na waliomsengenya, na wote aliwaosha sawasawa. Kabla ya kuanza alikuwa akiinamia kila chombo cha maji na kukinusa. Maji yakinuka chochote, moshi, samaki, sabuni, aliyarudisha. Kuna msiba mmoja aliyarudisha mara tatu, wachimba kaburi wakamaliza kazi yao wakakaa kumsubiri yeye. Walipotuma mtu kuuliza kulikoni, alijibu kwamba huyu anakwenda safari isiyo na mahali pengine pa kuoga.

Mwaka ninaousimulia, shangazi alikuwa amelala kwangu. Miguu ilimvimba, na pumzi ilimpanda kwa mwendo wa kutoka kitandani hadi chooni tu. Daktari wa hospitali ya misheni kule Mchukwi alimpa vidonge, akanivuta pembeni akaniambia ni moyo, na pumzi ikimbana nisisubiri, nimlete saa hiyo hiyo. Shangazi, ambaye masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote, alisikia. Njiani tukirudi akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani, "Nikifa utaniosha wewe, mwanangu. Simtaki mwingine."

Nilimwambia hatakufa. Akasema hakuniuliza hilo.

Sikuwahi kuosha maiti. Niliwahi kupokea ndoo mlangoni, kusaga kafuri, kushika shuka la stara. Mwili wenyewe sikuwahi kuugusa. Ni mwanamke wa miaka hamsini na moja, nafundisha darasa la tatu, watoto tisini wananiogopa, na mimi naogopa maiti. Shangazi alilijua hilo, ndiyo maana aliniagiza mapema. Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili ya kumtimizia. La kwanza, pumzi ikimbana afike hospitali. La pili, asipofika, nimwoshe mimi, kama yeye alivyowaosha wenziwe. Lakini mtu mwenye gari hulikumbuka lile linalohitaji gari.

Gari langu ni kigari chekundu, kikuukuu, kilichopita kwa wenyewe wengi kabla yangu. Kijijini ni la pili. La kwanza ni pikapu ya mwenyekiti wa chama, yenye mlango mmoja unaofunguka. Kabla sijalinunua nilikuwa naenda shule kwa miguu, mwendo wa kumaliza kipande cha muhogo. Baada ya kulinunua nikawa naendesha. Sitajitetea. Kwetu mwenye gari akionekana anatembea, kila mtu anamuuliza kama gari limekufa, na akisema halijafa wanazidi kumwonea huruma. Wala si mimi peke yangu. Watu walikuwa wanapanda bodaboda kwenda msikitini. Maji ya kisimani yalipanda bodaboda, kuku wa kuuza gulioni alipanda bodaboda, na unga ulisagwa kwa mashine ya dizeli. Tulijiita wakulima wa mpunga na tulikuwa tunaishi kwa petroli iliyouzwa kwenye chupa za maji ya kunywa, juu ya meza, mbele ya duka. Hakuna aliyeliona hilo mpaka meza ilipokaa tupu.

Ilianza kwa ujumbe wa simu katika kundi la wazazi wa shule. Ulisema mafuta yanakwisha nchini, jazeni mapema, na mwisho wake kulikuwa na dua. Kwa kuwa ulikuwa na dua, tuliuamini. Asubuhi yake nikaenda Kibiti mjini nikakuta foleni imetoka sheli mpaka karibu na soko. Nikamuuliza wa mbele yangu kama ni kweli mafuta yamekwisha. Akasema hajui, yeye ameona foleni. Niliuliza watu wanne, na wote walikuwa wameona foleni. Ilipofika alasiri mafuta yakaisha kweli, kwa sababu tuliyamaliza sisi.

Siku zilizofuata foleni iliendeshwa kwa sheria za kisimani, maana hizo ndizo tulizokuwa nazo. Kisimani mtu huacha ndoo yake kwenye mstari akaenda zake kupika, na ndoo inahesabiwa kuwa ni yeye. Basi watu wakaacha magari, wakaacha pikipiki, na aliyekuja kushika nafasi ya ndugu yake akaacha kandambili. Kisimani aliyebaki huisogeza ndoo ya jirani. Nasi tukawa tunasukumiana magari. Tatizo lilikuwa moja, kwamba aliyebaki aliweza pia kulisukuma la mwenzake likatoka mstarini. Mwanamume mmoja alilimaliza tatizo hilo kwa kumwacha mama mkwe wake kwenye kiti cha mbele. Siku mbili yule mama alikaa mle ndani na chupa yake ya chai, na hakuna aliyethubutu hata kuliegemea lile gari. Kila aliyepita alisimama kumwamkia. Kuanzia alipokuwa yeye kwenda nyuma, foleni ilikuwa na adabu.

Sheli zilikuwa zimekataza madumu. Mafuta yataingia kwenye tanki la chombo chenye injini, basi. Sheria hiyo iliwaumiza watu wa delta, kule mto unakoingia baharini, ambao chombo chao chenye injini kilikuwa majini. Mzee mmoja wa Salale akaifungua mashine ya boti yake, akaja nayo kutoka Nyamisati kwenye bodaboda, imefunikwa shuka kama mgonjwa, akaisimamisha mbele ya pampu. Mjazaji aliitazama, kisha akamtazama mkubwa wake. Sheria haikusema injini iwe na magurudumu. Wakamjazia kile kitangi kidogo, akaifunika tena, akaondoka. Kesho yake alikuwapo, yeye na mashine yake na shuka lake, akitusalimia kama wenzake wa zamani.

Mimi nilikuwa na magurudumu manne, kwa hiyo sheria ilinipenda. Nilijaza tanki, nikarudi nyumbani, nikatumbukiza mpira, nikafyonza kwa mdomo, nikatema, na petroli ikashuka kwenye dumu. Kisha nikarudi foleni. Kwenda Mchukwi na kurudi kunakula lita chache. Tano zingenitosha na kubaki. Hilo nalijua leo na nililijua siku ile. Lakini mtu aliyeshinda juani siku mbili hakubali kwamba alikuwa akitafuta lita tano.

Dumu langu la nyumbani lilikuwa na ufa, na madukani madumu yalikwisha kabla ya mafuta. Nikafungua stoo nikachukua moja lenye mstari mweupe. Nilijiambia nitalisafisha na kulirudisha, na kwamba petroli ya kumwokoa mtu asiwe maiti na maji ya kumwoshea akiwa maiti ni huduma moja, inatofautiana zamu tu. Mwalimu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Mwenyekiti alikuja kumwona mgonjwa akalikuta dumu limesimama kando ya gari. Nikasubiri anikemee. Alikohoa, akatazama kushoto na kulia, akauliza yamebaki mangapi.

"Akiba haiozi, mwalimu," alisema. "Na yangu ni ya shangazi vilevile. Akizidiwa nawe uko shuleni, pikapu ipo."

Akachukua matatu. Jioni hiyo akaja dereva wa bodaboda, mtu mzima mwenye wajukuu, akaeleza kwamba shangazi akizidiwa siku ya mvua gari litanasa, pikipiki itapita; nikampa mawili. Mwenye mashine ya kusaga alitaka ya dizeli, kwa sababu mgonjwa hawezi kukosa uji. Imamu alitaka moja la jenereta ya msikiti ili dua za kumwombea zisikike. Hata jirani yangu, mwanamke aliyefundishwa kazi ya kuosha na shangazi mwenyewe, akaja kuchukua lake. Hana gari, hana pikipiki, hana hata baiskeli. Nilipomuuliza ataweka mafuta ya nini, alisema hajui, lakini si vizuri kuwa nyumba pekee isiyo nayo. Mwisho wa wiki stoo ilibaki na masufuria na turubai. Kijiji kizima kilikuwa kinaficha mafuta kwa jina la shangazi yangu, ambaye hakuwa ameomba hata kikombe cha pili cha chai.

Nasema kinaficha kwa sababu hakuna aliyekiri. Ukimuuliza mtu kama ana petroli alikuwa akikujibu kwa kuulizia hali ya mgonjwa. Wizi nao ulianza, watu wakawa wanafyonza matanki ya wenzao usiku, kwa hiyo nililikausha tanki la gari langu kabisa na petroli yote nikaihamishia ndani. Pa salama palikuwa mahali pamoja tu. Hakuna mwizi wa kwetu anayeingia chumba cha mgonjwa, tena mgonjwa aliyemwoshea mama yake. Nikayapanga madumu yangu, ambayo sasa yalikuwa matatu, chini ya kitanda cha shangazi, nikashusha shuka mpaka sakafuni.

Nilikuwa na akili kiasi cha kuacha kuwasha dawa ya mbu mle ndani. Nikahamishia jiko uani, chini ya mwembe, nikajiona mwangalifu.

Siku ya kwanza shangazi alisema chumba kinanuka gari. Nikamwambia ni gari lililoegeshwa dirishani. Akasema basi lisogezwe. Kwa kuwa tanki lilikuwa kavu, nikalisukuma, dereva wa bodaboda akanisaidia, tukalipeleka upande wa pili wa nyumba. Siku ya pili akasema bado. Nikasema ni upepo. Shangazi alinitazama kama alivyokuwa akiyatazama maji aliyoyatilia shaka, na mimi nikatengeneza mto wake ambao haukuwa na kasoro. Hakuuliza tena. Mgonjwa wa moyo, ambaye pumzi ndiyo ilikuwa shida yake, nilimlaza siku nne juu ya lita sitini za petroli ili nimwokoe. Baadaye nilipokutana na yule daktari alinipa pole, akaniuliza kama nina swali lolote. Nilisema sina. Ninalo, na jibu lake silitaki.

Alhamisi asubuhi, jua limeshatoka, shangazi aliomba chai ya rangi. Akanywa nusu, akanirudishia kikombe, akaweka mkono kifuani. "Pumzi," alisema.

Nilifanya nilivyoambiwa, sikusubiri. Nikapiga magoti nikavuta dumu la kwanza kutoka chini ya kitanda, likakwama kwenye mguu wa kitanda, nikalivuta kwa nguvu na kitanda kikatikisika na yeye juu yake. Nikalibeba mpaka nje, upande wa pili wa nyumba, kule nilikolisukumia gari. Sikuwa na faneli ya kumiminia. Nikarudi jikoni, nikakata chupa ya maji kwa kisu nikaifanya faneli. Nikamimina. Petroli ikanimwagikia mpaka viwikoni na kwenye gauni. Nikaingia kuwasha. Gari lililokaushwa haliwaki kwa kubembelezwa. Lilikohoa, likazima, likakohoa. Mara ya tano au ya sita likaunguruma, na nakumbuka vizuri kwamba nilifurahi. Nililiacha likiwaka nikakimbilia ndani kumchukua.

Jirani yangu alikuwa ameketi kitandani, amepita mlango wa uani. Alikuwa ameshamfumba macho na kumfunga kidevu kwa utepe wa kanga. Aliniambia kwamba alifika akamkuta anaondoka, akamtamkisha shahada, akaitamka vizuri.

"Alikuita mara moja," akasema. "Nikamwambia uko nje na gari."

"Akasema nini?"

"Akasema haya."

Gari liliendelea kuunguruma mpaka mtu alipokumbuka kulizima.

Kufikia saa tatu uani kulikuwa kumejaa. Mwenyekiti alisimama kugawa kazi kama desturi: vijana wa kaburi, watu wa sanda, watu wa kutoa taarifa Kibiti na Mloka kwa ndugu. Kisha, kwa mazoea, akasema mtunza vyombo atoe madumu, maji yachotwe. Imamu akaangalia vidole vyake. Mwenye mashine ya kusaga akawa anaondoa uzi kwenye kanzu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nilikuwa nimezoea kuifundisha methali hiyo kwa mifano ya kikohozi.

Mwenyekiti ndiye aliyeondoka kwanza. Wengine wakafuata, kila mmoja kwa njia yake, na baada ya muda madumu yakaanza kurudi yakiwa matupu. Petroli waliimimina kwenye pikapu, kwenye pikipiki, kwenye ndoo zilizofunikwa sinia. Kwa nusu saa kijiji chetu kilikuwa na mafuta mengi kuliko Kibiti mjini. Wanawake wakayasugua madumu kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni ya unga, kwa ndimu. Wakayajaza maji. Jirani yangu, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mwoshaji mkubwa, akainama kulinusa la kwanza. Juu ya maji kulikuwa na utando unaometameta rangi zote. Akalimwaga. La pili akalimwaga. Alipofika la nne aliacha kuinama, akayamwaga yote kwa mguu.

Hapo maji yakaanza kuja kwa kila kilichokuwapo. Yalikuja na masufuria ya pilau, na mabeseni ya kufulia, na ndoo za shule zenye jina la darasa, na mtungi mmoja ambao mwenyewe alikuwa akiutumia kama pambo la sebuleni. Pikipiki zilikuwa zimejaa tanki, lakini hakuna anayeweza kupakia sufuria lisilo na mfuniko kwenye pikipiki. Maji yote yalipanda kutoka bondeni kwa kichwa, kwa miguu, na dereva wa bodaboda alikuwamo kwenye mstari na beseni lake, maji yakimchuruzika shingoni.

Nilikuwa nimekaa karibu na marehemu nilipowaona wanawake wawili wa makamo wakija na chetezo. Makaa yalikuwa mekundu na ubani umeshaanza kufuka. Nikaanza kuinuka. Jirani yangu akafika mlangoni kabla yao, akatandaza mikono, akasema chumba hiki hakifukizwi. Mmoja wao, mtu mzima aliyetoka mbali, akauliza ni msiba gani huo usio na ubani. Jirani akasema msiba huu una sababu zake. Kisha akanigeukia na kuniuliza, taratibu, yamebaki mangapi humu. Nikasema mawili.

Ilibidi yatoke, na njia ilikuwa moja, katikati ya watu. Mwenyekiti na dereva wa bodaboda wakaingia, wakayavuta, wakayafunika kanga kwa haya, wakatoka wameinamisha vichwa, kila mmoja na uzito wake kifuani. Wanaume waliokuwa uani wakaona kitu kinatolewa chumba cha maiti kimefunikwa kanga. Wakasimama wote. Wazee wawili wakaanza kusoma, na wanawake upande wa jikoni wakaangua kilio. Mwenyekiti, bila kusimama wala kuinua uso, akawaambia wakae, bado. Hakuna aliyethubutu kuwasha moto pale uani, kwa hiyo wali wa msiba ulipikwa shuleni, umbali ambao mimi nimezoea kuuendea kwa gari.

Ufuo wa kupokea maji ukachimbwa ndani, kitanda cha kamba kikawekwa juu yake, wanawake sita tukabaki na shangazi, shuka la stara likatandazwa. Jirani yangu akapita chombo kwa chombo akinusa. Beseni moja lilikuwa la kufulia nyavu, akalirudisha. Mengine yote yalikuwa safi. Akaponda majani ya mkunazi, akatenga maji ya kafuri, akakunja kitambaa cha kuoshea, akaniita.

Niliinyoosha mikono. Nilikuwa nimeiosha kwa kila walichooshea madumu, mpaka ngozi ikawa inawaka, na hata mimi mwenyewe nilisikia harufu ikitangulia. Nikamwambia aoshe yeye, mimi sifai. Nilisema hivyo kwa sababu ya petroli, na pia kwa sababu ya woga, na nikaona aibu kwamba nimepata kisingizio kizuri.

Jirani akainua mikono yake mwenyewe mpaka puani, akaishusha. Akamtazama mwenzetu mmoja, ambaye mumewe ndiye mwenye mashine ya kusaga. Yule naye akanusa yake, akatikisa kichwa. Tukatafutana mle chumbani, wanawake sita wazima, kila mtu na viganja vyake usoni kama tunaomba dua, na hatukupata mikono hata jozi moja.

"Alikutaka wewe," jirani akasema, akanipa kitambaa.

Nilikizungusha mkononi kama nilivyomwona shangazi akifanya maisha yangu yote. Angekuwa yuko upande wangu wa kitanda, angenirudisha, na angekuwa na haki. Lakini alikuwa upande ule mwingine, mdogo kuliko nilivyomfikiria, uso umetulia, na hakuwa na wa kumchagulia mikono mingine. Mwili wake haukunitisha. Kilichonitisha ni kwamba ulikuwa bado na uvuguvugu kidogo kwapani, na nikajua ni muda mfupi kiasi gani umepita tangu aliponiita nami nikawa nje nikimimina.

Nilianza upande wake wa kuume, bega, mkono, mpaka vidole, na jirani akawa ananimiminia. Sikulia. Nilimwomba radhi kwa sauti, kwa kila kopo la maji, na wenzangu wakaniacha, hakuna aliyenihimiza, mpaka maji yakaisha.